Kitenzi "know" cha Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiingereza darasa la jioni kwa watu wazima: wenye maduka, madereva wa watalii, wauguzi, na mzee mmoja mstaafu anayekuja na daftari la mistari na kuuliza kuliko wote. Kila kundi jipya likianza, swali la kwanza la kunitoa jasho hutoka kwenye neno ambalo hakuna aliyedhani lina tatizo, "know". Maswali yaliyonirudia zaidi nimeyaweka hapa, mengine kwa maneno yao wenyewe.

"Know" si ni "kujua" tu? Kuna cha kuuliza hapo?

Kipo. Chukua sentensi tatu: Najua Dodoma iko wapi. Namjua Asha. Najua kuogelea. Kwetu zote ni kujua, kwa Mwingereza zote ni "know". Mpelekee Mfaransa, ya kwanza na ya tatu atazitolea "savoir", lakini Asha atamtolea "connaître". Mjerumani naye ana "wissen" kwa Dodoma, "kennen" kwa Asha, na kwenye kuogelea ataleta "können", kitenzi chake cha kuweza. Kwao kuwa na habari ni jambo moja na kumjua mtu ni jambo jingine, na mtoto akichanganya anarekebishwa palepale.

Kiingereza nacho zamani kilikuwa na utaratibu huo. Kikaja kupoteza kitenzi kimoja, na kilichobaki kikabebeshwa mizigo yote. Ukilishika hilo, mengi ya hapa chini yatajieleza yenyewe.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Katika Kiingereza cha Kale, kile cha kabla ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na kitenzi "cnawan". Maana yake ya msingi ilikuwa kutambua. Umesimama kituo cha daladala magharibi, giza linaingia, mtu anakuja kwa mbali. Sura huioni. Lakini ule mwendo wa kuburuta mguu wa kushoto kidogo, na ule mfuko begani, unasema moyoni: aa, yule ni Juma. Hiyo ndiyo "cnawan". Habari za Juma, umri wake, anakoishi na anachofanya, hazikuwa kazi ya kitenzi hiki.

Ukirudi nyuma zaidi unafika kwenye mzizi ambao hakuna aliyewahi kuuandika, kwa sababu waliousema hawakuwa na maandishi. Wanaisimu wameupata kwa kulinganisha. Sisi tunaijua njia hiyo hata bila kwenda chuo: Mswahili anasema mtu, Mganda anasema omuntu, Mnyarwanda na Mzulu wanasema umuntu, na hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba hao ni wa ukoo mmoja. Sasa weka kwenye mstari Kilatini cha kale "gnoscere", Kigiriki "gignosko", Kisanskriti "jna", Kirusi "znat", na Kiingereza "know". Wanaisimu wanauandika mzizi huo "gno", na kuuwekea kinyota mbele kuonyesha kwamba ni wa kukisia.

Mbona wengine wana G na Kiingereza kina K? Hilo nalo lina mpangilio. Goti kwa Kilatini ni "genu", kwa Kiingereza "knee". Punje kwa Kilatini ni "granum", kwa Kiingereza "corn". G ya kale iligeuka K katika lugha zote za Kijerumaniki, yaani ukoo wa Kiingereza, Kijerumani na wenzao, na aliyeuandika mpangilio huo kwa utaratibu mwaka 1822 ni Jacob Grimm, yuleyule aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na nduguye Wilhelm.

Kwa hiyo "recognize" na "ignore" ni ndugu zake?

Ndugu wa damu, ila wamepitia mlango mwingine. "Know" ni mzaliwa wa nyumbani, hao wameingia kupitia Kilatini na Kifaransa wakiwa na G yao mkononi. Waongeze "ignorant", "notice" na "noble", ambaye mwanzoni alikuwa mtu anayejulikana tu kabla hajawa mtukufu. Kupitia Kigiriki wakaja "diagnosis", yaani kuutambua ugonjwa kwa kuupambanua na mwingine (wauguzi wangu hulipenda hili), na "agnostic", neno lililotungwa na Thomas Henry Huxley mwaka 1869 kwa mtu anayesema kuhusu Mungu, mimi sijui na sidhani kama inajulikana.

Na kile kitenzi kilichopotea ni kipi?

Kilikuwa "witan", ndugu wa "wissen" ya Wajerumani. Hicho ndicho kilichobeba kujua habari. Kama kitenzi kimekufa, lakini kimeacha watoto kila kona: "wit", "wise", "wisdom", "unwitting" kwa aliyefanya jambo bila kujua, na "witness", shahidi, yule ambaye ujuzi wake ndio unaoitwa mahakamani.

Mzizi wake maana yake ilikuwa kuona. Kilatini kimetoa humo "video", yaani naona, na Kisanskriti kimetoa "veda", yaani maarifa. Aliyeona ndiye anayejua. Sisi tuna daraja hilohilo na tunalivuka kutwa bila kuliangalia: "Naona umechoka", "Umeona sasa?", "Sioni sababu". Hakuna jicho lililotumika hapo.

Kwa nini "witan" ilishindwa na "cnawan" ikashinda? Sababu moja inayoonekana ni kwamba "witan" ilikuwa na umbo gumu, ikibadilika kwa namna ya peke yake, na vitenzi vya namna hiyo huchokwa na wasemaji. Mpaka karne ya 16 na 17 bado ulikuwa unaikuta katika umbo la "wot". Leo utaikuta kwa mawakili wanaoandika "to wit", maana yake "yaani".

Kwa nini iandikwe K halafu isitamkwe? Si usumbufu tu?

Ni usumbufu, lakini una historia. Zamani K ilitamkwa. Mtu wa karne ya 14 alisema "k-now" kama Mjerumani anavyosema "Knie" mpaka leo, K ikisikika wazi. William Caxton alipofungua mtambo wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, K bado ilikuwa hai, na uchapaji ukaanza kuyagandisha maandishi. Katika karne ya 17 watu waliacha kuitamka, na mwanzoni mwa karne ya 18 ilikuwa imekwisha midomoni. Vitabu havikuambiwa. Ndiyo maana "knee", "knife", "knot" na "knight" zote zina K ya urembo, na "gnaw" na "gnat" zina G ya urembo.

Ukitaka kuisikia K ya "know" ikiwa hai, itafute katikati ya neno. Sema "acknowledge". Hapo inasikika, kwa sababu ina irabu mbele yake ya kuiegemea.

Wanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza husema "kinou", na sijawahi kuwacheka. Wamefanya alichofanya kila Mswahili aliyewahi kupokea neno la kigeni lenye konsonanti mbili mwanzoni, yaani kuweka irabu katikati pumzi ipite.

"Knew", "known". Kwa nini si "knowed"?

Kwa sababu ni kitenzi cha kale kinachobadilisha irabu ya ndani badala ya kuongeza mkia. Kariri pamoja na wenzake: "blow, blew, blown", "grow, grew, grown", "throw, threw, thrown". Watoto wa Kiingereza nao hupitia umri wa kusema "knowed", wakakua.

Nikisema "I am knowing" mwalimu anakata kwa wino mwekundu. Kosa liko wapi, wakati Kiswahili ni "ninajua"?

Kosa limetoka kwenye -na-. Yetu inabeba kazi mbili: "ninapika" inaweza kuwa niko jikoni sasa hivi, au ni tabia yangu. Mwingereza ametenga: "I am cooking" ni sasa hivi, "I cook" ni kawaida. Halafu vitenzi vya hali, vile ambavyo huwezi kumkuta mtu katikati ya kuvifanya, havipokei "-ing" ya sasa hivi. Huwezi kufungua mlango ukamkuta mtu anajua. Kwa hiyo ni "I know".

Mzee wa daftari alinibana hapo. "Mwalimu, mbona tunasema amelala, amekaa, amevaa, kwa -me-, na hizo ndizo hali? Kujua imekwepaje?" Alikuwa na haki. Kiswahili hali nyingi hukivalisha kitenzi -me-, lakini kujua kinabaki na -na-, na kikivaa -me- maana inahama: "nimejua" ni kwamba nilikuwa sijui, sasa nimegundua. Mwingereza hapo hasemi "know" kabisa, anasema "I found out". Kutokana na hilo linazaliwa kosa jingine ambalo nalisahihisha kila wiki. Mtu anataka kusema "Nilijua jana kwamba amefukuzwa kazi", anaandika "I knew yesterday". Mwingereza atasoma kwamba jana habari hiyo tayari ilikuwa kichwani mwako, pengine tangu juzi. Kama jana ndiyo uliambiwa, andika "I found out yesterday". Na mtu uliyemzoea polepole, kazini au mtaani, ni "I got to know her".

La tatu katika kundi hili ni muda. "Namjua tangu 2015" huwa inaandikwa "I know him since 2015". Mwingereza anataka "I have known him since 2015", kwa sababu kwake jambo lililoanza zamani na bado linaendelea lina umbo lake maalumu.

Nasikia "know" haikubali uongo. Maana yake nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na lilianza kwa ugomvi mdogo. Dada mmoja alifika darasani amechelewa, mwenzake akamwambia: "Mi nilijua huji leo!" Nikawaomba waitafsiri. Ubaoni ikaandikwa "I knew you were not coming today". Lakini dada yuko pale, amekaa, anafuta jasho. Mwingereza akiisikia sentensi hiyo atachanganyikiwa, kwa sababu kwake kilichofuata "know" lazima kiwe kweli. Huwezi "kuknow" kitu ambacho si kweli. Mtu akidhani Mombasa iko Tanzania, Mwingereza hatasema kwamba mtu huyo anajua, atasema "he thinks".

Kiswahili cha mtaani hakina masharti hayo. "Nilijua umelala", "nilijua wewe ni Mchaga", "tulijua mvua itanyesha", zote zinasemwa na mtu aliyekosea, na sauti yake ndiyo inayoonyesha kwamba alikosea. Hapo Kiingereza ni "I thought". Vitabu vya sarufi vitakuambia useme "nilidhani", na kwenye maandishi rasmi nakubaliana navyo, lakini mdomoni watu wanasema nilijua, na hawatoacha kwa sababu yangu.

Wanafalsafa wamelishughulikia hili kwa muda mrefu. Wengi waliridhika kwamba kujua kuna miguu mitatu: jambo liwe kweli, uliamini, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini. Mwaka 1963 Edmund Gettier akachapisha makala ya kurasa tatu tu, akaonyesha kwamba miguu hiyo haitoshi. Mifano yake mwenyewe ina kona nyingi. Darasani hutumia mfano wa saa, ambao ni wa zamani kuliko makala hiyo. Saa ya ukutani ilisimama jana saa nne kasoro robo asubuhi, betri imekufa. Leo unaingia, unaitazama, unasema ni saa nne kasoro robo, na kwa bahati ndiyo saa yenyewe. Ni kweli, umeamini, na sababu unayo, maana kila siku unasomea hapo. Je, ulijua? Darasa langu liligawanyika nusu kwa nusu, na dereva mmoja akasema ulibahatisha tu ila mwajiri wako hawezi kukukata mshahara.

Ni kweli "can" ni ndugu wa "know"?

Ni kweli, na ni ndugu wa karibu. "Can" mwanzoni ilikuwa ni kujua kufanya, si kuweza. Ndiyo "können" ya Mjerumani tuliyoiona juu. Sisi "Najua kuogelea" na "Naweza kuogelea" tunazitofautisha kidogo: ya kwanza ni ufundi, ya pili inaweza kuwa afya au ruhusa. Mwingereza kwa kawaida atasema "I can swim" kwa zote. Akitumia "know" lazima aongeze "how to": "I know how to swim". Ukisema "I know to swim" umeruka kidaraja.

"Could" ni wakati uliopita wa "can", na ile L ndani yake haikuwahi kutamkwa wala haina asili. Wenye kuandika waliona "should" na "would" zina L, wakaona "could" nayo isibaki nyuma. Hata wazawa hukosea.

Katika nyumba hiyohiyo wamo "cunning", ambayo zamani ilikuwa sifa ya mtu mwenye ujuzi na leo ni mjanja wa kutiliwa shaka, na "uncouth", ambayo ilikuwa asiyejulikana, mgeni, ikaishia kuwa mtu asiye na adabu. Ile ya pili huwa inanisikitisha kidogo. Waskoti bado wanasema "ken" kwa kujua, kitu cha kila siku.

"Know of" na "know about" zina tofauti gani na "know" tupu?

"I know her": tunafahamiana. "I know of her": nimesikia kwamba yupo. "I know about her": nina habari zake, na mara nyingi si nzuri. Usizichanganye kwenye barua ya kumdhamini mtu kazi.

Kwenye Biblia "know" inaonekana kuwa jambo la chumbani. Imekuwaje?

Imetoka Kiebrania. Kitenzi "yada" kilibeba kujua na pia kulala pamoja, na wafasiri wengi walikifuata neno kwa neno. Tafsiri ya King James ya mwaka 1611 inasema Adamu "knew" mkewe, na Biblia ya Kiswahili nayo inasema Adamu akamjua Hawa mkewe. Mtu anayesoma Mwanzo sura ya 4 kwa mara ya kwanza hushangaa, maana si walikuwa pamoja bustanini tangu sura ya pili? Sheria za Kiingereza zikaichukua hiyo maana na kuiita "carnal knowledge", na maneno hayo yamo mpaka leo katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania, zilizorithiwa kutoka ukoloni.

"Knowledge" ni maarifa. Kwa nini siwezi kuandika "knowledges"?

Kwa sababu maarifa yetu ni mengi na yao haihesabiki. Tunasema maarifa haya, maarifa mengi, na mkono unaandika "these knowledges". Mwingereza anaiona kama maji au unga. Andika "knowledge" bila S, na ukitaka kuipima sema "a lot of knowledge". Ugonjwa huohuo ndio unaozaa "informations" kutoka kwenye taarifa.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawaliangalii. Kitenzi chetu kujua ni cha Kibantu, na kimezaa ujuzi, mjuzi, kujuana, kujulisha. Lakini maneno makubwa ya heshima, elimu, mwalimu, mtaalamu, maarifa, taarifa, tumeyapata kwa Waarabu, na yanatoka kwenye vitenzi viwili: elimu, mwalimu na mtaalamu kwenye "alima", maarifa na taarifa kwenye "arafa". Na Waarabu, kama Wajerumani, huelekea kutumia cha kwanza kwa kujua jambo na cha pili kwa kumtambua mtu au kitu. Kwa hiyo ule mgawanyo tunao. Tumeuweka kwenye majina, kitenzi tukakiacha kimoja.

"Better the devil you know": si ndiyo "Zimwi likujualo halikuli likakwisha"?

Vitabu vingi vinaziweka pamoja, na kwenye mtihani utapata alama zako. Lakini angalia nani anamjua nani. Kwa Mwingereza wewe ndiye unayemjua shetani: umeshazipima hila zake, basi unajipanga. Kwetu zimwi ndilo linalokujua wewe. Litakula, hilo halina ubishi, ila litabakiza, kwa sababu mnafahamiana. Mwingereza anategemea habari alizonazo. Mswahili anategemea uhusiano.

Ndiyo maana kazi ikitolewa kwa kujuana, neno lenyewe linasema kila kitu, wala halihitaji maelezo. Mwingereza analalamikia jambo hilo kwa kusema "it's not what you know, it's who you know", na katika sentensi hiyo moja amevitumia vile vitenzi viwili vya kale, habari na mtu, bila kujua kwamba vilikuwa viwili.

Nikiwa sijui kitu, "I don't know" inatosha?

Inatosha, ingawa kwa mteja au bosi "I'm not sure, let me check" husikika laini zaidi. Tahadhari yangu iko kwenye "sijui" zetu nyingine. Mwanafunzi mmoja alimweleza mtalii biashara ya shangazi yake sokoni. Kichwani alikuwa na "Anauza maembe, sijui mapapai, sijui nini." Mdomoni ikatoka "She sells mangoes, I don't know pawpaws, I don't know what." Mtalii akamfundisha pawpaw ni tunda gani, kwa upole sana, dakika tano nzima.